Kufuli la Karakana

Usijifanye hukuona. Ulikuwepo, umeketi kigoda cha karibu na mlango, na mambo yalipofika penyewe uliinamia kikombe cha chai kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani yake. Basi sikiliza tena, na safari hii tazama.

Nyumba unaijua. Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya magunia na baiskeli mbovu, na aliyekifagia ni Mama Pacha. Alimwomba mumewe apate mahali pa kutengenezea vigoda, kwa kuwa jikoni mbao zinanywa mafuta na sebuleni watu wanalalamikia vumbi. Mume akasema wazo ni zuri. Likawa zuri mno hata akalichukua yeye.

Akanunua meza ya kazi, jiliwa la kubania mbao, randa, patasi za kila upana na misumeno ya kuringia. Akavitundika ukutani na kukizungushia kila kimoja mstari wa rangi nyekundu, ili kikitoka kijulikane kimetoka. Akavaa aproni. Mtaa ukamwita Bwana Karakana, naye akaitika. Miezi ikapita, na kitu pekee alichokitengeneza humo ni usingizi wa mchana.

Mama Pacha akachoka kungoja, akaazima randa. Mume aliporudi akakuta mstari mwekundu umezunguka ukuta mtupu.

"Mke wangu, vitu hivi si vya kuchezea."

"Na wewe unavifanyia nini, unavilea?"

Kesho yake mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo umehamia mfuko wa suruali.

Ndipo Mama Pacha akahamia kwenye ngazi ya uani. Makreti aliyaokota, misumari yake akaing'oa na kuinyoosha kwa jiwe. Jiliwa lake lilikuwa kisigino: anaukanyaga ubao, anainama upande mmoja, anakata kwa kipande cha msumeno uliovunjika. Kwa kuinama huko, miguu ya vigoda vyake vyote hutanuka nje kidogo, kama mtoto anayejifunza kusimama. Havipinduki. Dosari hiyo ndiyo ikawa saini yake.

Vigoda vikajaa sebuleni. Wageni wakivisifu, Bwana Karakana anajipangusa aproni isiyo na doa. Mpiga debe wake ni dada yake, wifi wa Mama Pacha.

"Kaka yangu ana mikono ya dhahabu."

"Kweli, wifi. Ndiyo maana kutwa kaificha mfukoni."

Ikaja siku ya Mwalimu wa chekechea. Alitaka vigoda vya darasa zima, na atakayepewa kazi ndiye atakayekuwa fundi wa shule. Aliyemwalika ni Mama Pacha. Akiipata kazi ile, chumba ni chake. Hata wifi angekosa la kusema. Majirani wakaja, na wewe ukaja.

"Haya, fundi," Mwalimu akasema, "tuone unavyofanya."

Kabla Mama Pacha hajajibu, mumewe ameshatoa ufunguo. "Karibuni karakana. Njooni na vigoda vyenu, mkae."

Akabana ubao kwenye jiliwa, akashika randa, akasukuma. Randa ikateleza kama pasi juu ya shati. Akasukuma tena mpaka shingo ikatoa mishipa. Hayakutoka maranda hata chembe.

"Kisu umekitia kichwa chini," Mama Pacha akasema kutoka mlangoni. "Inalamba, haili."

"Mbao za siku hizi zina ubishi."

"Hizo hizo ndizo mlizozikalia."

Hapo ndipo chai yako ilipokuwa tamu ghafla. Wifi akacheka peke yake: "Kaka anatania tu, hapendi kujionyesha." Mwalimu akaitazama miguu ya kigoda chake, akakitazama kisigino cha Mama Pacha chenye makovu ya msumeno, akaelewa. Unajua alielewa, maana hata wewe ulielewa. Kisha akampa mkono mume, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na ndiye aliyevaa aproni.

"Basi, fundi, tumekubaliana."

Sasa vigoda vya chekechea vinatengenezwa. Huo msumeno unaousikia uani ni wa Mama Pacha, ngazini, mvua inamnyeshea, na ndani ya chumba kilichofungwa jiliwa linabana hewa. Bwana Karakana yuko sebuleni anapokea pongezi. Kila akicheka, ufunguo unalia mfukoni.

Na wewe bado umekikalia kile kigoda. Hakikuyumbishi, ndiyo maana umejisahau. Inuka. Kigeuze, itazame miguu ilivyokatwa. Kisha mnyooshee mkono Bwana Karakana, mbele ya dada yake, umwambie alete ufunguo. Usimalize chai kwanza.