Kibodi Yenye Alama ya Ng'ombe

Kabla sijamkabidhi fundi Machibya kibodi yangu, niliichoma alama mbili chini ya ukingo kwa msumari wa moto, kama baba alivyokuwa akiwatia ng'ombe alama masikioni kabla ya kuwapeleka kwa rafiki zake wawatunze. Mimi simwamini mtu mwenye bisibisi. Na mwaka ule wa 2001, pale Bariadi, sikuwa peke yangu. Ushirika ulikuwa umetupunguza kazini, wanunuzi binafsi wa pamba walikuja kila mmoja na mizani yake, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kibodi hiyo ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho ushirikani. Ni nzito kama tofali, hakuna mwingine aliyeitaka. Niliichapia miaka kumi na mitatu, dirisha likitazama kinu cha kuchambulia pamba. Sasa kampuni mpya ilitaka mchapaji mmoja, na tulioomba tulikuwa saba. Kibodi nyepesi za kampuni zilinishinda nilipozijaribu. Vidole vilikuwa kama vinatembea kwenye uji.

"Mama Klementina, ya kwako ikiingia, itumie," meneja, Bwana Athanasi, aliniambia.

Haikuingia. Plagi yake ni ya zamani, nene na ya duara, na matundu ya kompyuta zao ni madogo. Ndipo nikavuka barabara hadi kibandani kwa Machibya.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama, akaugeuza waya mkononi. "Nitakata hapa, niunge plagi ya kisasa. Ni nyaya nne tu. Njoo Jumamosi."

Fundi akisema "tu", mimi naanza kuhesabu hasara.

Jumamosi nilizikuta alama zangu. Nikabonyeza kitufe, kikalia kwa sauti kali, kavu. Yangu haikuwa hivyo. Yangu ililia kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha mlango kwa mkono uliofungwa kitambaa. Damu ilinichemka. Ngozi ni yangu, nikawaza, utumbo wameshaubadilisha.

"Machibya, springi zangu umemuuzia nani?"

Waliokuwa wakisubiri redio zao wakasogea karibu. Elina, mwenzangu katika wale saba, alikuwa miongoni mwao.

Machibya hakubisha. Alivuta mfuko wa plastiki chini ya meza, akaufungua mbele yangu. Ulijaa nyuzi za pamba zilizogeuka kijivu.

"Zilikuwa chini ya vitufe," alisema. "Nilijua utauliza, mayu. Siku hizi kila mtu anauliza, kwa hiyo situpi kitu."

Nilizisugua kati ya vidole, nikakuta na mbegu moja ndani yake. Miaka yote ile kinu kilikuwa kikiijaza kibodi yangu, nami nikadhani ndiyo sauti yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sikuomba samahani. Nikabeba kibodi na mfuko, nikaondoka bila kuaga.

Jumatatu, kwenye usaili, plagi iliingia. Nikabonyeza, chumba kizima kikageuka.

"Mbona inapiga kelele hivi?" aliuliza Bwana Athanasi. "Nani ameifungua?"

"Machibya," Elina akawahi. "Juzi mama mwenyewe alimwita mwizi mbele yetu."

Meneja akachomoa waya. "Basi tumia yetu. Sichomeki kitu cha mwizi kwenye kompyuta ya kampuni."

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilitoa ule mfuko mkobani, nikauweka mezani.

"Nilimsingizia," nikasema. "Alichotoa ndani ni hiki tu. Kompyuta yenu ikipata hitilafu, futeni jina langu."

Bwana Athanasi alichota nyuzi kidogo, akazivuta taratibu kama wafanyavyo wakaguzi wa pamba, mpaka zikakatika. Kisha akachomeka waya mwenyewe.

"Chapa," alisema.

Dirisha lilikuwa wazi, na ng'ambo ya barabara Machibya alikuwa ameinamia redio ya mtu. Nikachapa kwa nguvu zangu zote, ili asikie.