Dakika Tisini za Mzee Sumari

Jumanne saa nane mchana, Elieshi alifunika cherehani yake kwa kipande cha shuka, akavuka barabara na kuingia kwa Zahir, fundi wa kompyuta wa Ngarenaro. Akavuta stuli, akasema anataka kufundishwa lile gemu la kuwa kocha. Zahir alikuwa anasafisha kibodi kwa mswaki wa zamani. Hakucheka. Mama wa miaka arobaini na saba aliyeshona jezi za nusu ya timu za mji ana haki ya kujua zinakokwenda.

Elieshi alianza kwa kutafuta kitufe cha kupigia mpira. Zahir akamweleza kwamba humo kocha hapigi mpira, anaamua nani acheze na nani akae. Achukue timu ndogo, kwa sababu timu kubwa itamfukuza kabla hajajua jina la kipa. Asibadilishe mfumo wiki ya kwanza. Asikimbilie kusajili, awasome kwanza aliowakuta. Na asome kila ujumbe kabla ya kubonyeza Endelea, maana ukishaendelea hurudi nyuma. Elieshi aliandika yote kwenye daftari lake la vipimo vya wateja.

Alichagua Akheri, timu ya mwisho kabisa kwenye orodha na ya kwao alikozaliwa. Kikosi kilikuwa na wachezaji ishirini na wawili. Ishirini na mmoja walikuwa vijana wenye majina yaliyotungwa na kompyuta. Aliyebaki alikuwa Sumari, beki wa kushoto, umri miaka sitini na minane, kasi mbili kati ya ishirini, pumzi moja. Zahir akainama kutazama, akasema toleo jipya lina watu wengi zaidi.

Sumari huyo alikuwa kocha wa Akheri mwaka 1999. Siku watu wa timu kubwa walipokuja kutoka Dar kuangalia vijana, Ndesanjo, mdogo wake Elieshi, alikuwa na miaka kumi na minane na goti lililovimba kama papai. Mganga wa zahanati alisema apumzike wiki sita. Sumari akamvuta nyuma ya darasa, akamchoma sindano ya ganzi aliyoipata anakojua mwenyewe, akamchezesha dakika tisini. Baada ya mwezi mguu ulikatwa. Sumari aliwaambia watu kijana aliteleza kwenye mfereji akimwagilia migomba, na kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, lawama zikaenda kwa mfereji.

Elieshi hakutaka makubwa. Alitaka Sumari aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba ni yeye aliyechoma. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akimpa shikamoo na kungoja, na kila marahaba aliyoipokea ilimzidishia hasira.

Basi alimwekea Sumari mazoezi mara mbili kwa siku, akabonyeza Endelea.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Mzee Sumari alitoka nyumbani amevaa koti la suti na raba za mjukuu wake, akaanza kuzunguka uwanja wa Akheri. Mke wake alimfuata na kikombe cha chai. Alijibiwa kwamba kocha hajaruhusu, akarudi na chai yake. Jioni Sumari alikwenda tena. Wiki ya pili mchungaji alisogeza kikao cha wazee wa kanisa hadi saa mbili usiku, kwa kuwa mmoja wao alikuwa na mazoezi.

Jumamosi zilikuwa za mechi. Wenzake kumi hawakuonekana uwanjani, wala wapinzani, ila mpira ulionekana, na filimbi ilisikika vizuri. Watu waliotoka sokoni waliweka mizigo yao chini, wakakaa kwenye nyasi. Mzee alikimbia upande wa kushoto, akaruka kugombea mpira wa kichwa na hewa, akaangushwa, akaonyeshwa kadi ya njano. Watu walikubaliana kwamba kadi ile ilikuwa ya uonevu.

Katika mechi ya tatu aliumia goti. Ujumbe ulifika kwa Elieshi na machaguo matatu: apumzike wiki sita, apumzike wiki mbili, achomwe sindano acheze. Zahir akamtahadharisha kwamba wanaoanza hupenda kukimbilia la tatu na kuharibu wachezaji. Elieshi akauliza kama kuna kitufe cha kumfanya mchezaji aseme jambo.

"Miguu yao ni yako, mama," Zahir alisema. "Mdomo hapana."

Elieshi akabonyeza la tatu. Aliona raha. Aliona raha kabisa, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Alhamisi bodaboda ilisimama mbele ya duka la Zahir. Mzee Sumari alishuka taratibu, mguu wa kulia umenyooka kama ubao, mkononi ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Elieshi alisimama, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba wiki sita."

Huko kwao mlimani, ukiletewa jani la sale huna tena la kubisha. Unalipokea na unasamehe, hata kama umeuliwa ng'ombe. Elieshi alilijua hilo, akaweka mikono yake nyuma. Alimwambia jani si lake, alipeleke kwa mwenyewe. Ndesanjo alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye chumba cha kushonea, akipiga pasi jezi za shule, gongo lake limeegemezwa ukutani. Wakavuka wote watatu, Zahir akiwa amemshika mzee bega.

Sumari akanyoosha jani. Elieshi akauliza analileta kwa lipi.

"Kwa yote," alisema Sumari.

"Taja moja."

"Yote ni yote, mwanangu. Nikianza kutaja nitasahau mengine."

Ndesanjo aliweka pasi chini. Alimtazama mzee, akatazama lile goti, ambalo alilifahamu. Kisha akapokea jani, akasema amepokea. Alikuwa amechoka tangu zamani, na dada yake alimwelewa na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Sumari akashukuru, akageuka kuuliza kama basi Jumamosi atapumzika.

"Yeye amekusamehe," Elieshi alisema. "Mimi ni kocha."

Jumamosi alimwachia Zahir kazi ya kubonyeza, akapanda na Ndesanjo mpaka Akheri kushuhudia. Watu walikuwa wengi kuliko kwenye msiba wa mwenyekiti wa kijiji. Sumari alicheza dakika zote tisini kwa mguu mmoja na nusu. Alilia waziwazi kuanzia dakika ya ishirini. Kila alipoanguka Elieshi alihesabu kimyakimya, na kila alipoinuka watu walipiga makofi, na makofi yalizidi kukua mpaka akaacha kuhesabu. Filimbi ya mwisho ilipolia, vijana walimbeba mzee mabegani, mtu akaleta spika kutoka kanisani, na Sumari akapewa maiki.

Elieshi alishika mkono wa mdogo wake. Watu wote wa Akheri walikuwa pale.

"Mnaona maumivu haya," Sumari alisema, akihema. "Ndivyo nilivyowafundisha vijana wangu. Kulikuwa na mmoja, Ndesanjo, yupo pale. Alikuja kwangu na goti bovu, akanilazimisha nimchezeshe. Nilimkatalia. Akalia mpaka nikamruhusu. Huo ndio moyo."

Watu waligeuka. Mama mmoja akasema asimame wamwone. Ndesanjo alisimama kwa gongo lake, akapunga mkono, kwa kuwa watu mia nne walikuwa wakingoja apunge. Walimpigia makofi marefu. Mchungaji akaahidi kumkumbuka kwenye maombi, pamoja na Mzee Sumari. Njiani kurudi mjini Ndesanjo alisema hajawahi kupigiwa makofi tangu mwaka ule. Elieshi alijua kwamba jibu alilokuwa nalo lingemwumiza mdogo wake na si Sumari.

Jumanne saa nane alikuwa kwenye stuli yake. Zahir alimwambia goti la yule beki limekwisha, kocha mzuri angemwuza au angemwacha. Elieshi akafungua ratiba na kuhesabu mechi zilizobaki. Zilikuwa thelathini na nne. Akauliza msimu ukiisha inakuwaje.

"Unaanza mwingine," alisema Zahir.

Elieshi aliliweka jina la Sumari la kwanza kwenye kikosi, akampa na utepe wa unahodha, akabonyeza Endelea.