Moja, Mbili, Dada

Historia ya kwaya nimebambikiwa mimi, fundi cherehani, eti kwa sababu majoho yote nimeyashona mimi tangu mwaka wa kwanza. Haya, sawa. Sehemu ya kujisifu hainipi taabu: tulianza watu kumi na mmoja, tukibanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, leo tuko themanini, tunaimba na okestra kamili, na kabatini mna vikombe vitatu vya mashindano. Taabu yangu ni dada yangu.

Dada ndiye aliyeianzisha. Alipita nyumba kwa nyumba akitafuta sauti, na kuna mwashi mmoja ambaye dada alimteremsha kutoka jukwaa la ujenzi, matope mikononi, kwa kuwa alimsikia akiimba huko juu. Mwashi huyo ndiye tegemeo la sauti ya nne mpaka leo. Ila kwenye onyesho letu la kwanza na okestra, kabla ya Amina ya mwisho, kuna mahali wote tunanyamaza mapigo matatu. Dada alihesabu mawili. Akaingia peke yake, na ile sauti yake ya kupasua bati. Ukumbi ukacheka. Kesho yake alirudisha joho limepigwa pasi, na kwa miaka ishirini na sita hakutaka kwaya itajwe mbele yake. Ukiitaja, anaondoka na chai yake.

Wiki iliyopita alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja.

“Nasikia unaandika habari za kwaya.”

“Naandika.”

“Mimi usiniweke. Ukiniweka, watakumbuka.”

Niliumia, jamani. Mtu kaizaa kwaya halafu anataka afutwe kama chaki. Hasira zikanipanda. “Jumamosi njoo mazoezini,” nikamwambia. “Ukitoka pale bado unataka nikufute, nitakufuta.”

Alinuna, lakini alikuja. Alikaa nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani, tayari kukimbia. Mwalimu wetu wa sasa ni binti mdogo, hata hamjui dada yangu. Tulipofika kwenye kile kimya, wapya wawili wa sauti ya tatu wakaingia mapema. Mwalimu akashusha mikono, wala hakukasirika.

“Wapya, hapa tunahesabu hivi: moja, mbili, Dada. Mkimruka Dada, mmeharibu. Kikombe cha kwanza majaji walitupatia kwa kimya hiki.”

Watu themanini wakanong'ona pamoja, vidole vya miguu vikigonga sakafu: moja, mbili, Dada. Kisha Amina, safi kabisa.

Dada alisimama. “Dada yupi huyo?”

Mwashi akageuka, nywele zote nyeupe, akamtambua. “Ni wewe,” akasema. “Siku ile tuliapa hatakosea mtu mwingine hapo akaaibika peke yake. Tulikungoja urudi tukuambie.”

Dada akakaa, akalia, mkoba ukaanguka na hakuna aliyeuokota. Mimi nililia pia, sina haja ya kuficha.

Jumatatu asubuhi alikuwa dukani kabla sijafungua. Alisimama nyuma yangu akisoma nilichoandika, kidole kikifuata mistari.

“Andika kwamba nilihesabu mawili,” akasema. “Halafu chukua futi unipime, lile joho halitanienea tena.”