Hafanani

Neno likishatoka mdomoni halirudi, hata ulikimbize na mkasi. Mama Kasuku, fundi cherehani, alilijua hilo tangu utotoni, na bado likamponyoka.

Aliitwa shuleni kuwapima watoto wa darasa la tatu, waliokuwa wakijiandaa kuigiza hadithi ya Binti Mvua mbele ya wazazi. Mwalimu alifungua kitabu akamwonyesha picha: msichana wa gauni la buluu, mashavu ya waridi, nywele za manjano zimemwagika mabegani kama nyuzi.

"Gauni liwe hivihivi," alisema mwalimu. "Na Binti Mvua wetu ni huyu wako. Maneno yote anayo kichwani."

Mtoto alikuwa amesimama palepale, mikono juu, tayari kupimwa. Walimpa jina la Kasuku kwa sababu alichosikia mara moja hakikumtoka. Alikuwa mweusi tii, kama mama yake.

Mama akatazama picha, akamtazama mwanawe. Akauona ukumbi mzima ukicheka. Basi akawahi kucheka yeye.

"Huyu? Mwalimu nawe! Huyu hafanani. Mpe yule mweupe-mweupe pale, watu wasije wakauliza."

Watoto wakaangua kicheko. "Binti Masizi!" mmoja akadakia. Kasuku akashusha mikono polepole. Mwalimu akasita, akakitazama kitabu kana kwamba kingemsaidia, kisha akasema, "Haya, mama mtu ameshasema."

Jioni ile Kasuku alikaa chini ya cherehani akichambua vifungo.

"Nimepewa wingu jeusi," alisema.

"Vizuri! Linasema nini?"

"Halisemi. Linapita tu." Akaokota kifungo kingine. "Hilo nafanana nalo, mama?"

Mguu wa mama ukaganda juu ya kanyagio. Yeye alisema hafanani kwa maana ya sura. Mtoto alisikia: hustahili.

Bibi yake Kasuku, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, hakuinua hata macho. "Umemvua mwanao nguo mbele za watu, sasa unamshonea nyingine. Fundi kweli wewe."

"Mama, nilikuwa namwepusha na aibu."

"Aibu ya nani?"

Asubuhi Mama Kasuku alifika shuleni kabla ya kengele, akaomba mwanawe arudishwe kuwa Binti Mvua. Uso ulikuwa ukimwaka. Mwalimu alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Nilimrudishia nafasi hiyo jana ileile, akakataa. Alisema, mama amesema sifanani, na mama ndiye fundi."

Mama Kasuku akaigeukia rafu ya vitabu. "Basi nitafutie kitabu chenye mtoto kama wangu. Nimsomee nyumbani."

Mwalimu akapekua rafu nzima, vumbi likimwingia puani. Mwisho akatoa kimoja. Pembeni mwa ukurasa alikuwepo mtoto mweusi, kabeba sanduku la wenyewe kichwani, kageuza mgongo.

"Uso wake uko wapi?"

"Hawakumchora uso," mwalimu alijibu kwa sauti ndogo.

Mama Kasuku aliishia darasa la saba, na vitabu alivyosoma vilikuwa vya namna hiyohiyo. Hakuwahi kuuliza. Macho yake yalifundishwa kusoma na kujidharau kwa wakati mmoja, naye akamrithisha mwanawe.

Siku ya maigizo Binti Mvua, yule mweupe-mweupe, alitoka na gauni limemkaa sawasawa. Katikati ya hadithi akasahau. Nyuma yake, ndani ya kitambaa cheusi, midomo ya wingu ilikuwa ikicheza: maneno yote alikuwa nayo.

Mama akainuka nusu. "Sema, mwanangu!"

Kasuku akamtazama. Kisha akafunga mdomo. Mwalimu akasoma kutoka kitabuni, hadithi ikaendelea, watu wakapiga makofi. Mikono ya mama ilibaki mapajani.

Mzazi mwenzangu, kitabu kisikuingilie nyumbani kama mgeni asiyepiga hodi. Kifungue, umtafute mwanao humo. Usipomwona, nenda kaulize, piga kelele, wachoke nawe. Ukinyamaza, kitabu kitamwambia mtoto hafanani, na mdomo kitakaoutumia ni wako.

Usiku Mama Kasuku aliketi ukingoni mwa kitanda cha mwanawe.

"Niambie yale ya Binti Mvua. Mimi peke yangu nikusikilize."

Kasuku aligeukia ukutani.

"Nimeyasahau," alisema.