Breki Zilizonyamaza

Dhoruba ilitangazwa kufika Ijumaa. Jumatano asubuhi mume wangu Ulysse aliipandisha mashua kwenye trela, akaliunganisha trela na pikapu, akaniambia niingie twende. Sikuingia. Nilimwambia aendeshe kwanza mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi, nami nisikilize.

"Usikilize nini, bibi wee?"

"Ningekijua ningeingia."

Mashua ile ndiyo inayotulisha, maana sisi ni wavuvi wa kamba. Ikibaki huku bayuni, kwenye mikono hii ya maji ya kinamasi, dhoruba itakwenda kuiweka juu ya paa la mtu. Na ikitoka, lazima ipite daraja refu la kuelekea kaskazini, linalopanda kama ukuta na kushuka vivyo hivyo. Upepo ukizidi polisi hulifunga. Basi ilitubidi tuvuke siku hiyo hiyo, na tuvuke mashua ikiwa nyuma yetu, isiwe juu yetu.

Ulysse akaenda na kurudi. Masikio yake yameliwa na injini miaka mingi. Anasikia radi, na anasikia chakula kikitajwa. Mimi nilisikia vitu viwili. Kimoja kilikuwa kwii, kwii, nacho kilikuwa mkanda wa kufungia mashua unasugua chuma. Tukaukaza, ukanyamaza. Cha pili kilikuwa ngrrr, kama kinu cha kahawa, upande wa kushoto.

"Hiyo ni beringi, mama," alisema mkwe wetu Dwight. Dwight ni mtu wa Oklahoma, na alikuja kutusaidia kuhama kwa sababu binti yetu alimwambia aje. Akatia jeki, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto. Alipolifungua, grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa, maana yake maji ya chumvi yameingia. Akasafisha, akaweka beringi mpya, akajaza grisi. Ngrrr ikaisha.

"Haya, twende," akasema Ulysse.

"Breki je?"

"Breki ziko kimya kabisa. Hujazisikia?"

Hapo ndipo palipokuwa pakinikera. Trela linazamishwa kwenye maji ya chumvi kila wiki. Breki zake lazima zikwaruze kidogo, kama mzee anayeinuka kitini. Breki isiyosema lolote ama ni mpya ama haifanyi kazi, na za kwetu si mpya.

Trela la mashua halina kanyagio. Gari likipunguza mwendo, trela linalisukuma, shingo yake, pale linapoungwa na gari, inaingia ndani kidogo, na ule msukumo ndio unaopeleka mafuta ya breki magurudumuni. Ni akili nzuri, isipokuwa huku kwetu. Maji yetu yako nyuma ya tuta la kuzuia mafuriko, na kushusha mashua unalipanda tuta kinyumenyume. Ukirudi nyuma mlimani shingo inabanwa, trela linadhani unasimama, linajifunga breki. Kwa hiyo kila mtu huku huchomeka kabari shingoni, na akishamaliza anaichomoa. Hilo la kuchomoa ndilo husahaulika. Nikainama nikatazama shingoni. Sikuona kabari.

"Endesha tena," nikamwambia Ulysse, "halafu ukifika kwenye bamia zangu kanyaga breki kwa nguvu."

Akakanyaga. Pikapu ilitaka kusimama, lakini trela halikuwa na habari. Liliisukuma pikapu ikaingia kwenye bamia, mistari miwili, ikatulia kwenye wa tatu.

Ulysse akashusha kioo. "Ulisema nguvu kiasi gani?"

Dwight akafungua magurudumu yote. Shuu za breki nzima, mafuta yamejaa, mabomba hayavuji. Akakaa chini akatazama angani, ambako mawingu yalikuwa yameanza kwenda upande mmoja. Nikamwambia Ulysse kwamba bila breki mashua itabaki. Alikwenda akaipapasa ubavuni kama ng'ombe.

Ndipo akapita jirani yetu Clovis, aliyekuwa ameliazima trela wakati wa Pasaka, akalirudisha limepakwa rangi ya kijivu lote, kwa shukrani.

"Mmekwama na nini, kaka Ulysse?"

"Breki hazishiki."

"Zitashikaje? Mimi nilitia kabari."

"Shemeji yako ametazama. Hakuna kabari."

"Ataionaje? Niliipaka rangi."

"Kwa nini uliipaka rangi?"

Clovis akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali. "Ilikuwa inaonekana," akasema.

Ilikuwa ya msaiprasi wa kinamasi, mti usiooza, imechongwa ikalingana na tundu kama imezaliwa humo. Ilitoka kwa patasi, nyundo, na maneno ya Kifaransa chetu cha huku ambayo Dwight aliomba tumtafsirie. Hatukumtafsiria. Clovis alisema ni kazi nzuri inaharibiwa.

Darajani polisi walikuwa tayari wanashusha vizuizi kutoka kwenye magari yao. Walitupitisha, wakamwambia Dwight aliyekuwa nyuma yetu aharakishe. Tukapanda, upepo unaipiga mashua ubavuni. Kule juu tukaona foleni yote ya mteremkoni imesimama, maana godoro la mtu lilikuwa limeanguka barabarani. Mbele yetu kulikuwa na pikapu yenye tundu la kuku.

Ulysse akakanyaga. Nyuma yetu breki zikalia, zikakwaruza, zikapiga mayowe kwa kutu ya miezi yote ile, na trela likasimama. Nasi tukasimama. Kati yetu na kuku palibaki pa kuweka sufuria moja, si ile kubwa ya kuchemshia kamba. Kuku wakatutazama.

"Sasa zinapiga kelele," akasema Ulysse. Hata yeye alizisikia.

"Ndiyo."

"Tukifika Dwight aziangalie."

"Asiziguse," nikasema.

Kuku walipoanza kusogea, nasi tukasogea.