Ng'ombe wa Jaji Thackery

Babu wa ukoo wetu, Asa Pruitt, alikufa zamani sana, lakini hakuacha kupandishwa cheo. Nilipokuwa mdogo, shangazi yangu Verlie alituambia Asa alikuwa mpima ardhi. Sikukuu ya Shukrani iliyofuata akawa mhubiri. Mwaka niliooa, alikuwa daktari aliyesomea Philadelphia na kupanda farasi mweupe. Nilimnong'oneza mke wangu asubiri kidogo, mzee atakuwa gavana kabla bata mzinga hajaisha mezani.

Msimcheke shangazi bado. Kaunti yetu hapa Ohio ina Chama cha Familia za Kwanza, na huingii humo mpaka ulete karatasi ya kuthibitisha kwamba babu yako alikuwa hapa kabla ya mwaka 1820. Kila Oktoba wanachama hula pamoja katika ukumbi wa kanisa. Kabla ya chakula, mwanachama mpya husomewa karatasi yake mbele ya watu wote, kisha huvishwa utepe wa bluu. Kwa miaka thelathini na moja Shangazi Verlie ndiye aliyewapikia kuku wao, na chakula chake alikula jikoni, wima. Aliomba kuingia mara mbili, akakataliwa mara mbili.

"Garland," aliniambia, "umestaafu, kazi yako sasa kulisha paka. Hebu nenda mahakamani ukanitafutie Asa. Nina miaka themanini na minne. Nataka kukaa meza ile kabla hamjanizika."

Nikaenda. Wiki tatu nilipiga chafya kwenye chumba cha chini cha mahakama. Kwa madaktari, Asa hayupo. Kwa wahubiri, hayupo. Ardhi ya kupima labda ya wenzake, maana yeye hakuwa nayo hata shubiri. Wiki ya nne nikamkuta, mwaka 1818, kwenye daftari la wafungwa.

Nilimpelekea Shangazi nakala.

"Amepatikana," nikasema. "Kazi yake, kibarua."

"Kibarua wa hospitali?"

"Wa kung'oa visiki, Shangazi. Na aliiba ng'ombe."

Alinitazama kana kwamba mwizi ni mimi. "Wa nani?"

"Wa Jaji Lemuel Thackery."

Akaketi. Mwenyekiti wa chama ni Bi Maurine Thackery, na hakuna mtu katika kaunti nzima ambaye hajaambiwa na Bi Maurine kwamba babu yake alikuwa jaji.

"Mungu wangu! Maurine atakishika kipaza sauti kwa mikono miwili!"

"Basi tuiache."

"Ina mwaka?"

"Ina."

"Na muhuri?"

"Upo."

Akaninyang'anya karatasi, akavaa miwani, akasoma mbele na nyuma, polepole.

"Peleka," akasema. "Maji nimeshayavulia nguo."

Jioni ya karamu Bi Maurine alisoma kama mtu anayemung'unya peremende. "Asa Pruitt, kibarua, amepatikana na hatia ya kuiba ng'ombe wa maziwa wa Jaji Thackery. Kifungo, siku arobaini." Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja akalia kama ng'ombe. Niliona aibu, na nilitamani kumrushia mzee yule mkate.

"Haya, fungeni mazizi yenu!" akasema Bi Maurine, akaanza kukunja karatasi.

"Geuza, Maurine," Shangazi akasema kutoka mlango wa jikoni, aproni bado kiunoni. "Kuna nyuma."

Bi Maurine akageuza. Alianza kwa sauti ile ile, lakini haikumfikisha mbali. Mshtakiwa alieleza kwamba mkewe alifariki akijifungua, na mtoto alikuwa na siku mbili hajanyonya. Alibisha hodi kwa jaji kuomba maziwa, akafukuzwa. Ndipo akamchukua ng'ombe. Alimkamua siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, mama mmoja alipojitolea kumnyonyesha mtoto, mshtakiwa alimrudisha ng'ombe mwenyewe, akimvuta kwa kamba, na hapo ndipo alipokamatwa.

Hakuna aliyecheka tena.

"Yule mtoto ni Enos," Shangazi akasema. "Aliishi miaka themanini na saba, akazaa watoto tisa, na sisi ndio hawa. Hatujawahi kuwashukuru watu wa nyumba yenu, Maurine. Asante kwa maziwa."

Hakuwa akimkejeli. Namjua shangazi yangu. Akikejeli, mtaa mzima hujua. Bi Maurine alimfuata mlangoni na utepe. Pini ilimchoma kidole mara mbili kabla haijashika. Kisha akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaingia jikoni kupakua.

Kuku walifika mezani wamepoa. Shangazi Verlie alionja, akatafuna bila haraka, akatangaza kwamba mpishi amezidisha chumvi.