Sponji ya Kiwiko

Mkuu wa maabara hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alimtazama dereva wake wa pikipiki juu ya miwani, akamwambia mkono umepona, vizuri, kazi yako ipo. "Ila sanduku langu la damu huligusi mpaka nikuone na koti lenye kinga mabegani, viwikoni na mgongoni. Sio koti la kupigia picha." Kisha akarudi kwenye karatasi zake kana kwamba mtu ameshatoka.

Dereva huyo wenzake walimwita Sampuli. Kazi yake ilikuwa kuzunguka zahanati ndogondogo akikusanya sampuli za damu na makohozi, na kuzifikisha maabara kabla hazijaharibika. Jina lilianza kama utani wa kijiweni, likamganda, hadi baba mkwe wake naye akawa analitumia. Miezi mitatu kabla ya hapo aliteleza kwenye mchanga wa kona, akaangukia upande wa kushoto. Sanduku lilitoka salama, hata kichupa kimoja hakikupasuka. Kilichopasuka ni kiwiko. Plasta ilipofunguliwa mkono haukunyooka tena sawasawa, ukabaki umejikunja kidogo, kama wa mtu anayengoja kupokea chenji.

Kuhusu kiwiko hakulalamika sana. Alilalamikia koti. Hospitalini muuguzi alilichana mkono kwa mkasi, mfuko wa ndani unaopaswa kubeba kinga ukafunguka mbele ya macho yake, mtupu. Tangu siku hiyo Sampuli hakuwa na wimbo mwingine.

"Yule mwenye duka amenitapeli," alikuwa akisema kila anywapo chai. "Koti zito vile, ndani hamna kitu!" Kijiweni aliwaambia wenzake wote wasikanyage kwenye duka lile. Aliwaambia na abiria wa wenzake, watu wasiojua hata koti la pikipiki linafananaje.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilitazamana na meza ya chai. Kila wimbo huo ulipoanza, yeye alikanyaga pedeli kwa nguvu zaidi ili asisikie. Hakuwa na haja ya kusikia. Kinga ya kile kiwiko ilikuwa pale pale juu ya cherehani yake, mbele ya pua yake, imejaa pini.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka mmoja nyuma Sampuli alileta koti jipya nyumbani, likawa linampwaya kiunoni. Dada yake alikuwa anaolewa, na Sampuli, ambaye hajambo kwa kujipenda, alitaka kwenda harusini na koti hilo juu ya pikipiki iliyooshwa. Akamwomba mkewe alipunguze. Sasa fundi huyu kwa miaka kumi na mbili alikuwa ameletewa makoti ya mitumba na akina mama wa kila umbo, na neno lao la kwanza lilikuwa lile lile: "Fundi, nitolee haya mabega, nafanana na kabati." Mabega ndiyo yale masponji yanayoshonewa ndani ili mtu aonekane ana kifua. Mikono yake ilizoea. Koti likitua mezani, kabla hajachukua hata kipimo, bitana imeshafunguliwa na mabega yako chini. Na la mumewe alilifanyia vivyo hivyo. Alikumbuka hata kucheka peke yake: hawa wenye viwanda na mbwembwe zao, wanatia mabega mpaka kwenye viwiko!

Masponji yenyewe yalikuwa mazuri, akaona vibaya kuyatupa. Kubwa la mgongoni alilikunja akaliweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa unagongagonga sakafu, na cherehani haikuwahi kutulia vile. La kiwiko cha kushoto lilishika pini vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kutumia. Mengine aliyatia kwenye kikapu cha vipande.

Pale hospitalini, muuguzi alipouliza kinga iko wapi, fundi alielewa papo hapo. Alitaka kusema. Daktari akaingia. Kisha wakaja mawifi, kisha ikapita wiki, na neno lililokuwa jepesi siku ya kwanza likawa zito kama jiwe la kusagia. Alikuwa anaona haya, na alikuwa anaogopa. Fundi anayepima mara mbili kabla ya kukata ndiye aliyemvunja mumewe mkono kwa mkasi wa bitana.

Basi siku ya kwenda kutafuta koti walitoka wote wawili asubuhi. Duka la kwanza lilikuwa na makoti yaliyochorwa miali ya moto mgongoni. Sampuli alilivaa moja, akajigeuza mbele ya kioo, akajigeuza tena. Fundi alimvua, akaligeuza ndani nje.

"Dada, koti linaangaliwa nje," muuzaji akasema.

"Na mtu anavunjika ndani," fundi akajibu. "Hapa pameshonwa mshono mmoja tu, tena kwa uzi wa shuka. Akianguka litafunguka kama ganda la ndizi."

Duka la pili makoti yalikuwa na kinga, na muuzaji aliipiga ngumi ili wasikie. Fundi alitia kidole kwenye mfuko akavuta. Likatoka boksi la sabuni lililokunjwa mara nne, jina la sabuni likisomeka vizuri. Muuzaji alisema mzigo ule ulikuja na kasoro. Sampuli alicheka hadi akashika ukuta, mara ya kwanza tangu aanguke, na mkewe aliumia kumwona akicheka hivyo.

Walipotoka nje fundi akasema, "Limebaki duka moja."

"Lile silikanyagi."

"Makoti yake ni ya kweli."

"Umejuaje?"

Angeweza kusema pale pale, katikati ya watu wanaopita na mizigo yao. "Nililipunguza lile koti," alisema. "Niliuona mshono wake." Ilikuwa kweli, na ilikuwa nusu. Sampuli alisonya, akafuata.

Mwenye duka alikuwa dereva zamani, mpaka mguu wake wa kulia ulipobaki barabarani kwa mafungu, kama mwenyewe alivyopenda kusema. Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu akifuta vioo vya helmeti zilizokuwa safi tayari. Dukani hapakuwa na mteja hata mmoja.

"Karibuni," alisema bila kuinuka. "Sampuli. Umekuja kunimalizia? Wenzako siku hizi wanapita hapa kama wanapita makaburini."

"Nimekuja kununua, mzee, sijaja kugombana. Lakini safari hii nafungua hapa hapa."

"Fungua. Nani amekukataza?"

Mwenye duka alishusha koti la kijivu, akafungua zipu ya bitana, akatoa kinga moja moja na kuzipanga juu ya kaunta: bega, bega, kiwiko, kiwiko, mgongo. Akaweka ya kiwiko juu ya vidole vyake mwenyewe, akachukua spana, akaipiga kwa nguvu. Hakupepesa hata kope. "Ukiibonyeza laini, ukiipiga ngumu. Hivi ndivyo ninavyomfungulia kila mteja. Hata wewe nilikufungulia."

"Sikumbuki."

"Utakumbuka wapi, ulikuwa kwenye kioo."

Sampuli akakasirika, maana ilikuwa kweli. "Basi ulizitoa nilipogeuza mgongo!"

Mwenye duka aliweka spana chini polepole. "Mdogo wangu," alisema, "mguu huu unauona. Mimi nimtolee mtu kinga? Mimi?" Akachukua kitambaa akaanza tena kufuta helmeti iliyokuwa safi.

Fundi alikuwa anaitazama ile ya kiwiko juu ya kaunta. Rangi ile ile ya buluu, ukingo ule ule wa njano. Tofauti na ya kwake ni matundu ya pini tu.

"Ni mimi," alisema.

Sampuli akageuka. "Wewe nini?"

"Nilizitoa mimi. Ulipoleta nilipunguze. Nilidhani ni mabega."

Mumewe akatazama bega lake, kisha akamtazama yeye. Ikabidi aeleze, mbele ya mtu asiyemfahamu, habari za akina mama na makabati, na mikono yake inayofungua bitana kabla kichwa hakijaamua. Alieleza yote bila kujitetea, maana hakuona pa kujitetea.

"Ya kiwiko iko wapi?" Sampuli aliuliza mwishowe.

"Nachomekea pini."

Mwenye duka aliinama nyuma ya kaunta akajifanya anatafuta kitu. Alikaa huko kidogo. Alipoinuka uso ulikuwa umetulia.

"Miezi mitatu," Sampuli alisema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mkono ni ajali. Lakini miezi mitatu unanisikia namtukana mzee wa watu, halafu unanimiminia chai."

Fundi alianza kuzirudisha kinga kwenye mifuko ya koti, moja moja. Alitamani sakafu ifunguke.

Koti hata hivyo lilibidi linunuliwe. Mwenye duka alimkalisha Sampuli juu ya kiti kirefu kama yuko kwenye pikipiki, akamwambia anyooshe mikono kana kwamba ameshika usukani. Akavuta pindo la mgongo kuona kama linapanda, akafunga zipu hadi kidevuni, akapitisha kidole shingoni. Lilimkaa vizuri. Si jeusi alilolitaka, lilikuwa la kijivu lenye mistari mipana inayong'aa ikimulikwa na taa, lakini hakutazama kioo hata mara moja. Tatizo lilikuwa mkono wa kushoto. Kwa vile haukunyooka, kinga ilihama, ikakaa pembeni ya mfupa badala ya juu yake.

"Hapa mfuko usogezwe inchi moja," mwenye duka alisema, akamtupia fundi jicho. "Si kazi yangu. Hiyo ni kazi ya fundi."

"Mafundi wako wengi," Sampuli alisema, akatoa pesa.

Kabla ya kutoka alimwomba mwenye duka msamaha, kwa maneno machache na macho chini, na yule mzee akampa mkono. Kisha akaenda moja kwa moja kijiweni. Fundi alibaki ng'ambo ya barabara na mfuko wa koti. Alimwona amesimama katikati ya wenzake kumi na kitu, akamsikia akisema kwa sauti kwamba mwenye duka hana kosa, alimsingizia, na mwenye shida ya koti aende kwake. Mmoja akauliza, sasa kosa la nani?

"Kosa lilitokea nyumbani," Sampuli akasema, na hakuongeza.

Siku mbili hakumsemesha mkewe ila la lazima: chumvi, ufunguo, maji yamekatika. Koti alilitundika upande wake wa kitanda, mbali na chumba cha kushonea. Fundi naye hakumbembeleza. Alichomoa pini moja moja kutoka kwenye ile sponji, akatoa na ile ya chini ya mguu wa cherehani, akazichambua nyingine kikapuni, akaziosha zote na kuzianika dirishani. Zilikuwa tano, kamili. Cherehani ikaanza tena kugongagonga.

Asubuhi ya kurudi kazini, Sampuli aliingia na koti mkononi akaliweka juu ya cherehani. Kwenye kiwiko cha kushoto palikuwa na alama ya chaki, imepinda, imechorwa na mtu asiyejua chaki inavyoshikwa. Alikuwa ameiba kipande kwenye kopo la mkewe.

"Inchi moja, kuja huku," alisema. "Na usitoe kitu."

"Sitoi."

Alimsimamia mkewe muda wote. Fundi alifumua mfuko, na mikono iliyozoea kukimbia ilikwenda polepole. Alipima mara mbili, akapima mara ya tatu. Akausogeza, akaushona mishono miwili kwa uzi mnene, akarudishia kinga, akafunga bitana. Mumewe alilivaa, akaketi kwenye kiti cha wateja, akashika usukani ambao haukuwepo. Kisha akauleta ule mkono uliojikunja mpaka usoni pa mkewe.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Chini ya kidole kinga ilikuwa juu ya mfupa kabisa.

"Ipo?"

"Ipo."

Akabonyeza na wa kulia, akambonyeza na mgongo. Sampuli alikuwa ameshika helmeti tayari, lakini hakuondoka.

"Na mabega?" aliuliza.

Fundi aliyashika yote mawili kwa viganja vyake, akakaa nayo kidogo. "Yapo," alisema.

Mumewe akatikisa kichwa kukubali, akavaa helmeti, akaenda kuchukua damu za watu. Fundi alimsikiliza hadi mlio ulipopotea, akajifuta macho kwa pindo la gauni la mteja, akaketi kazini. Cherehani iligongagonga sakafu asubuhi nzima, na hakuweka kitu chini ya mguu wake.